Kwa Babu au kwa Tabu? Nukta Zilizomezwa na Picha

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2006, mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akisomea Kiswahili katika chuo kikuu kimojawapo cha humu nchini, alirejea kwao Lamu kwa likizo akiwa na kazi ya nyanjani aliyopewa na mhadhiri wake wa Fasihi Simulizi. Alitakiwa kumrekodi fanani mmoja, kuyanakili maneno yake na kuyafasiri. Hakuwa na haja ya kwenda mbali. Bibi yake mzaa baba alikuwa akihifadhi sandukuni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye beti kumi na mbili ambazo mama yake mzazi aliziandika kwa hati ya Kiarabu, na aghalabu baada ya sala ya alasiri aliighani kwa sauti ya chini huku akisuka ukili.

Vinasa sauti vya idara vilikuwa vimeazimwa na wenzake waliotangulia. Alichokuwa nacho ni rununu ya binamu yake, yenye kamera na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 64. Video aliyoipata ilikuwa ya dakika nne. Mhadhiri alitaka beti nane tu zinakiliwe, naye akanakili nane, akapata alama nzuri na kuendelea na masomo. Bibi alifariki mwaka wa 2009. Sanduku lilipofunguliwa miaka miwili baadaye, mchwa walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao: ilisalia mikunjo miwili ya karatasi, na ubeti wa mwisho haukuwa katika mikunjo hiyo. Tangu siku hiyo ubeti huo umebaki mahali pamoja tu ulimwenguni, napo ni ndani ya ile faili ya dakika nne.

Na ubeti huo ndio wenye mzozo. Kipande chake cha mwisho kinasomeka ama "naliyapata kwa babu" ama "naliyapata kwa tabu". Mizani ni nane kwa vyovyote vile. Kina cha bahari ni -bu katika beti zote kumi na mbili, na kwa hivyo yote mawili yanakubalika. Katika beti nyingine kumi na moja halikutumika neno "babu" wala neno "tabu", kwa hivyo hata ile desturi ya mtunzi kukwepa kurudia neno la kina haisaidii kitu. Wanaojua hati ya Kiarabu watatambua mara moja shida ilipo. Herufi za be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni mwa neno, zina umbo moja tu, kijino kidogo kinachochomoza juu ya mstari; kinachozitenganisha ni nukta. Be ina nukta moja chini. Te ina nukta mbili juu. Ukiziondoa nukta, "babu", "tabu" na hata "tatu" ni mchoro mmoja. "Tatu" inakataliwa na kina. Haya mawili yaliyobaki hayakataliwi na chochote.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini mtu asumbuke kwa miaka kadhaa kwa ajili ya nukta. Ikiwa ni "kwa babu", basi mwanamke yule alikuwa akikiri kwamba maneno aliyoyaandika aliyarithi kwa babu yake, ambaye alikuwa mwanachuoni aliyejulikana mjini, na kazi yake yeye ilikuwa ya kunakili tu. Ikiwa ni "kwa tabu", basi ni mtunzi anayetia sahihi yake mwishoni mwa kazi, akisema kwamba aliyatoa maneno haya kifuani mwake kwa jasho. Hapana ajabu yoyote mwanamke wa pwani hiyo kuwa mtunzi; Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake takriban mwaka wa 1858, na hadi leo unasomwa vyuoni. Lakini katika ukoo huu jina la babu lina uzito wake, na ami yake binti huyu, ambaye ndiye mwana mkubwa wa bibi, hana shaka kwamba beti ni za babu. Yeye anasema alisikia "babu" tangu utotoni. Binti anadhani alisikia "tabu". Lakini anajua pia jinsi anavyotamani liwe "tabu", na mtu anayetamani si shahidi mwema.

Itaulizwa vilevile kuhusu sauti. Video ina sauti, na bibi aliughani ubeti wa mwisho wote. Bahati mbaya ni kwamba Lamu ni mji wa punda, na punda mmoja alilia uchochoroni sawia na neno la mwisho. Sikio la mtu aliyekuwapo pale lingeweza kuwatenganisha bibi na punda bila taabu. Rununu haikuweza, na si kwa sababu ya kelele pekee. Rununu za wakati ule zilihifadhi sauti kwa kodeki iitwayo AMR, iliyobuniwa kwa mazungumzo ya simu. Kodeki hiyo hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kisha haihifadhi sauti yenyewe. Huhifadhi maelezo ya namna koo na kinywa cha binadamu vingeweza kuitoa, kipande kimoja baada ya kingine, kila kipande kikiwa na urefu wa milisekunde 20. Imejengwa juu ya imani kwamba anayesema ni mtu mmoja. Ikipewa bibi na punda kwa wakati mmoja, hutafuta koo moja ambalo lingeweza kutoa mlio huo, na koo hilo halipo. Kinachosikika sasa ni mkoromo, halafu "-abu".

Kwa hivyo kilichobaki ni picha, na hapa pana haja ya kueleza rununu ile ilifanya nini na karatasi iliyoonyeshwa.

Kila picha iliyochukuliwa ilikuwa na pikseli 176 kwa upana na 144 kwa kimo, yaani pikseli 25,344. Kila pikseli ikipewa baiti tatu, moja kwa kila rangi ya msingi, picha moja huhitaji baiti 76,032. Rununu ilichukua picha 15 kila sekunde. Sekunde moja basi ingehitaji zaidi ya baiti milioni 1.1, na dakika moja zaidi ya milioni 68. Kadi ile ya megabaiti 64 isingetosha hata dakika moja. Hata hivyo faili nzima ya dakika nne ina takriban megabaiti mbili. Kwa maneno mengine, kati ya kila baiti 130 ambazo zingehitajika, iliyotunzwa ni moja hivi. Hizo nyingine zilikwenda wapi?

Zipo zilizoondolewa bila madhara makubwa. Jicho la mwanadamu hutambua mwanga na kivuli kwa wepesi kuliko linavyotambua rangi, na kwa sababu hiyo pikseli nne hupewa rangi ya pamoja huku kila moja ikibaki na mwanga wake. Nusu ya mzigo huondoka hapo, na hakuna anayelalamika. Kisha picha hukatwakatwa kuwa miraba midogo ya pikseli nane kwa nane, na kila mraba hupitishwa katika hesabu iliyobuniwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Kansas, Marekani. Mwaka wa 1972 Ahmed aliomba ufadhili wa taasisi ya kitaifa ya sayansi ya Marekani ili aichunguze fikra hiyo, akanyimwa. Akaendelea nayo hivyo hivyo, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na makala yao ikachapishwa Januari 1974. Karibu kila picha ya JPEG na sehemu kubwa mno ya video zote zilizowahi kutazamwa duniani zimepitia katika hesabu hiyo au jamaa zake. Watu wachache sana wamekuwa na athari kubwa kiasi hicho huku majina yao yakijulikana kidogo kiasi hicho.

Hesabu yenyewe haipotezi kitu. Inachofanya ni kuzieleza pikseli 64 za mraba kama mchanganyiko wa michoro 64 ya kudumu, kuanzia mchoro mtupu usio na chochote hadi mchoro wa vimraba vidogo vinavyopishana kama mkeka wa milia myembamba mno. Ni kama kusikiliza kundi la taarabu na kuandika: ngoma kiasi hiki, fidla kiasi hiki, njuga kiasi hiki. Katika picha za kawaida, za nyuso, za anga, za kuta, michoro mipana ndiyo yenye nguvu na ile myembamba ina nguvu kidogo tu. Ndipo inapokuja hatua ya pili, nayo ndiyo yenye kisu. Kila idadi hugawanywa na kukatwa, kama muuza duka anayesema senti zisihesabiwe. Idadi ndogo huwa sifuri. Zilizo nyingi katika zile ndogo ni za michoro myembamba. Ngoma hubaki, fidla hubaki, njuga hunyamazishwa.

Nukta ya wino ni njuga. Haina upana; nguvu yake yote imo katika wembamba wake. Aidha, wino wa karatasi ile ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai, hata tofauti kati yake na karatasi ikawa ndogo. Mwili wa herufi, ambao ni mnene na mrefu, ulivuka salama. Nukta ziligeuka kuwa ukungu hafifu wa kijivu uliotapakaa katika mraba mzima, kiasi kwamba mtu anaweza kusema kwa uhakika kwamba palikuwa na kitu, ila hawezi kusema kilikuwa juu au chini. Waliobuni viwango hivi hawakuwa na ubaya. Kiwango kilichotumiwa na rununu ile, H.263, kilitolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wanaotaka kuonana kupitia laini nyembamba za simu, na kwa uso unaozungumza kinafaa sana. Tena, herufi ya Kilatini ikipoteza nukta yake, i hubaki i, na msomaji wa Kiingereza hahisi pengo lolote. Ni hati nyingine zinazolipa. Miswada ya kale kabisa ya Kiarabu ilikuwa na nukta chache mno, na aliyeisoma alitegemea kumbukumbu ya aliyoyasikia. Rununu ya mwaka wa 2006 iliirudisha karatasi ya mwanamke wa Lamu katika hali hiyo ya karne ya kwanza ya Hijria, lakini bila watu wenye kumbukumbu.

Sasa tuje kwenye kukuza, maana ndiko kwenye majuto. Lenzi ya rununu ile haikuwa na uwezo wa kulenga kitu kilicho karibu. Binti alipoisogeza kwenye karatasi aliona ukungu mtupu. Akarudi nyuma, akaketi mbele ya bibi, na kwa muda wa dakika tatu video inamwonyesha bibi akiwa mzima, karatasi ikiwa magotini. Ulipokaribia ubeti wa mwisho, aliona ni vyema hati ionekane, akabonyeza kitufe cha kukuza mara nne. Alidhani anakaribia. Kamera yenye lenzi inayosogea hukaribia kweli, kwa maana kwamba mwanga mwingi zaidi kutoka sehemu ndogo huenea juu ya kioo kizima cha kunasia. Kitufe cha rununu ile hakikusogeza lenzi yoyote. Kilichofanya ni kukata sehemu ya katikati ya picha na kuinyoosha hadi ijaze nafasi. Karatasi ikajaa. Kilichokuwa nje ya katikati kikatupwa, na kilichotupwa kilikuwa uso wa bibi.

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuketi katika somo la Fonetiki anajua maana ya jambo hilo. Sauti /b/ ni kipasuo cha midomo miwili. Sauti /t/ ni kipasuo cha ufizi. Mtu hawezi kutamka "babu" bila kuifunga midomo mara mbili. Akitamka "tabu" huifunga mara moja tu. Midomo hufungwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na rununu ilichukua picha kila sehemu moja ya kumi na tano. Pengine ingekuwapo picha moja au mbili zinazoonyesha midomo iliyofumbwa kabla ya irabu ya kwanza, au kutoonyesha. Mdomo si nukta; ni kitu kinene, kinachohama, chenye kivuli, ndicho hasa kile ambacho H.263 ilibuniwa kukitunza. Lau asingekibonyeza kitufe kile, punda angelia apendavyo. Binti hakulitambua hili hadi mwaka wa 2013, akiwa tayari mwalimu wa shule ya upili, siku alipokuwa akiwafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza kutamka konsonanti mbele ya kioo.

Ami naye alikuwa na ushahidi wake. Katika hitima ya bibi, jamaa mmoja aliichukua faili akampelekea mpiga video wa harusi mjini Mombasa, ambaye aliigeuza kuwa DVD ili itazamwe kwenye runinga. Picha ya DVD ya mfumo unaotumika huku ina pikseli 720 kwa 576. Picha ya pikseli 176 kwa 144 hukuzwa mara nne kila upande ili ienee humo, na pikseli moja huwa kumi na sita. Kumi na tano kati ya hizo hazikutoka kwenye karatasi. Zilikisiwa kutokana na jirani zake. Kisha zote zikabanwa upya. Miaka ikapita, mjukuu mwingine akainakili DVD hiyo kwenye simu mpya, ikabanwa mara ya tatu, ikatumwa kwa jamaa, ikabanwa mara ya nne. Nakala iliyomfikia ami mwaka wa 2019 ilikuwa kubwa, ang'avu, na chini ya kijino cha herufi ile kulikuwa na nukta moja.

"Mwanangu, naiona kwa macho yangu haya," alisema.

"Shikamoo ami, nami naiona. Ila kwenye rununu haimo."

Haikuwamo kweli. Kila ubanaji unapokata michoro myembamba, kingo za vitu vyeusi hutetemeka, na mitetemo hiyo huacha vivuli vidogo kandokando ya mistari. Ubanaji unaofuata haujui kwamba kivuli kile ni kosa la mwenzake. Hukiona ni sehemu ya picha, na pengine hukikaza. Nukta ya ami ilizaliwa mahali fulani kati ya Mombasa na simu yake. Hata hivyo haki itendeke: kutokuwapo kwa nukta hiyo katika faili ya asili si ushahidi wa "tabu". Faili ya asili haina nukta ya juu pia. Binti alijizuia kusema zaidi ya hapo, na kwa kuwa angeshinda mjadala ule mbele ya jamaa zake kwa urahisi, kujizuia huko kulikuwa na gharama.

Alijaribu njia ya halali kwanza. Tangu mwaka wa 1984, Tsai na Huang walipoonyesha jambo hilo kwa hesabu, inajulikana kwamba picha kadhaa hafifu za kitu kimoja, zilizochukuliwa huku kamera ikitikisika kidogo, zinaweza kuunganishwa zikatoa picha moja bora, kwa sababu kila picha imeuona mstari kutoka pembe tofauti kidogo. Karatasi ilitulia mbele ya kamera kwa sekunde tatu, picha 45. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Mashahidi arobaini na watano, alijiambia, hawawezi kukosa kukubaliana. Mwanafunzi wa uhandisi aliyemsaidia alizitoa zote kwenye tarakilishi, na jawabu likawa lile lile la ukungu. Sababu ni kwamba video iliyobanwa haihifadhi kila picha kwa ukamilifu. Huhifadhi moja yote, kisha zinazofuata huelezwa kwa tofauti tu: mraba huu umesogea hivi, mraba ule haukubadilika, unakiliwe kama ulivyokuwa. Bibi alikuwa amekwisha kuinyoosha karatasi, vidole vikahama, na nafasi chache iliyokuwapo ikatumika kueleza vidole. Miraba yenye hati iliandikiwa "kama ilivyokuwa", picha baada ya picha. Wanaosoma elimu ya hadithi hawatashangaa. Mapokezi arobaini na matano yanayoishia kwa msimulizi mmoja ni pokezi moja.

Kisha zikaja programu za akili unde. Hizi hazihesabu kutokana na pikseli za jirani pekee. Zimefunzwa kwa mamilioni ya picha hadi zikajua jinsi vitu vinavyokuwa aghalabu, na zinapopewa picha hafifu hujaza kile ambacho kwa kawaida huwa hapo. Binti alizijaribu tatu mwaka wa 2022. Ya kwanza ilitoa herufi safi zenye nukta moja chini. Ya pili ilitoa nukta mbili juu. Ya tatu ilikigeuza kijino kuwa kitu kama jani. Zote zilikuwa na kingo kali kama zilizochorwa kwa kalamu mpya ya mwanzi, na hakuna hata moja iliyoonyesha alama yoyote ya shaka.

Wakenya wengi watakumbuka kisa cha mwaka wa 2020, pale programu iitwayo PULSE, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ilipopewa picha ya Barack Obama iliyofifishwa ikarudisha sura safi ya mzungu. Wengi walicheka, wengine wakakasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana kisa kile kilifichua ni nyuso za nani zilizotumika kuifunza. Lakini kuna jambo lililopita bila kusemwa sana. PULSE haikukosea hesabu yake. Sura ile ya mzungu ikipunguzwa hadi udogo wa picha iliyopewa, inalingana nayo vizuri. Picha ndogo moja ni mtoto wa picha kubwa nyingi mno, na programu huchagua mzazi mmoja na kumtangaza. Machi 2024 jaji mmoja wa kaunti ya King, jimbo la Washington, Marekani, alikataa kupokea video ya rununu iliyokuzwa kwa akili unde ambayo upande wa utetezi ulitaka kuitumia katika kesi ya mauaji ya watu watatu. Uamuzi huo ulihusu maisha ya mtu. Huu wa Lamu unahusu jina la mwanamke aliyekwisha kufa zamani, na hauna jaji.

Wala haihitajiki akili unde ili mashine iandike isichokiona. Mwaka wa 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za kunakilia za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Katika ramani ya nyumba aliyoipitisha humo, vyumba vitatu vyenye ukubwa tofauti vilitoka vyote vimeandikwa mita mraba 14.13. Ubanaji wa mashine hizo ulitafuta alama zinazofanana katika ukurasa, ukahifadhi moja na kuitumia mahali pa zote, na ulipodhani kwamba alama mbili zinafanana, ilhali hazifanani, uliiandika moja badala ya nyingine kwa usafi kamili. Kampuni ilitoa marekebisho baadaye. Picha mbovu ya zamani ilimwonya mtu kwa ubovu wake. Ramani ile haikuwa na ukungu wowote. Makarani wa kale walionakili tenzi walikosea pia, lakini mkono uliosita huacha dalili: wino mzito, neno lililofutwa, nafasi iliyobanwa.

Tasnifu ya uzamili ya binti huyu ina beti zote kumi na mbili. Katika ubeti wa mwisho, upande wa hati ya Kiarabu, herufi ya kwanza ya neno la mwisho imechapishwa bila nukta. Upande wa hati ya Kilatini imeandikwa "naliyapata kwa –abu". Msimamizi wake alimshauri achague moja na aieleze nyingine katika tanbihi, jinsi wahariri wengi wa tenzi wanavyofanya, akahofia kwamba watahini wataona ni uvivu. Alikataa kwa adabu. Jina la mtunzi kwenye ukurasa wa kwanza wa kiambatisho limeachwa wazi vilevile, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko nukta, kwa sababu alikwenda chuoni mara ya pili akitumaini kulijaza.

Kabla ya kuiwasilisha alikwenda Lamu kumsomea ami sura ile, kwa kuwa haikuwa heshima ayasome mwanzo kwa watu wa nje. Alibeba kipakatalishi chenye faili ya asili, ile ya mwaka wa 2006, ambayo hajawahi kuigeuza wala kuibana tena, na ambayo ameihifadhi mahali patatu. Ami hakuwa amewahi kuiona. Aliposhauriwa kwamba itakuwa ndogo kama stempu ya posta, alisema isikuzwe. Akavaa miwani, akasogea. Ubeti wa mwisho ulipofika, binti alikuwa tayari kumwonyesha kijino cha herufi, lakini ami hakuwa akitazama karatasi. Video ile ina miraba mikubwa 99, kumi na mmoja kwa tisa, na katika miwili ya safu ya juu kabisa, pale ambapo kukuza kuliuacha uso nje, kumebaki kidevu. Hakionyeshi midomo. Kinashuka na kupanda, kikikwama mara kwa mara pale rununu ilipoamua kwamba hakuna kilichobadilika.

"Rudisha nyuma kidogo," ami alisema. Na baada ya punda kulia tena, akasema irudishwe mara nyingine.